Tumwombee Mwalimu, au Tumwombe? Somo la Novemba juu ya Makaburi ya Wakubwa



Novemba imeingia, mwezi ambao Kanisa linatutuma makaburini, na kwenye magrupu ya vijana limerudi swali ambalo mafrateri tunaulizwa kila mwaka: tukienda Butiama kwa hija, tumwombee Mwalimu Nyerere au tumwombe Mwalimu Nyerere?

Msicheke. Kiswahili chetu kimetupa hapa kitu ambacho lugha nyingine zinahitaji sentensi nzima kukieleza. Kumwombea mtu ni kusema na Mungu kwa ajili yake, kwa kuwa huenda bado anahitaji kusaidiwa. Kumwomba ni kusema naye mwenyewe, kwa kuwa unaamini ameshafika na anaweza kukusaidia wewe. Ukisimama mbele ya kaburi unatakiwa ujue unafanya lipi kati ya hayo mawili. Wengi wetu tukifika pale tunafanya la tatu: tunapiga selfi na kuondoka.

Hapa Nakwa, Babati, hatuna kaburi la Rais wala la Waziri Mkuu. Lakini nchi yetu ina tabia moja ambayo wageni huishangaa. Wakubwa wetu wengi hawakuzikwa mjini. Wamerudishwa kwao, kwenye miji midogo na vijiji, katikati ya ndugu na jirani zao. Mwalimu yuko Butiama, mkoani Mara. Benjamin Mkapa yuko Lupaso, wilayani Masasi, kijiji alichozaliwa mwaka 1938 na alikozikwa tarehe 29 Julai 2020. John Magufuli yuko Chato, alikozikwa tarehe 26 Machi 2021. Na sisi wa Manyara hatuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Ukipanda basi hapa Babati kuelekea Arusha, ukapita Makuyuni, kabla hujafika jijini kuna njia ya kuingia Monduli. Wilaya hiyo moja ina makaburi ya Mawaziri Wakuu wawili: Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 kule Dakawa, Morogoro, akitoka bungeni Dodoma, amelala Monduli Juu, na Edward Lowassa, aliyefariki tarehe 10 Februari 2024, amelala Ngarash.

Kwa nini wanarudishwa kwao? Jibu la haraka ni mila: mtu huzikwa penye kitovu chake. Jibu hilo ni zuri, na Kanisa halina ugomvi nalo. Sheria ya Kanisa inapenda waamini wazikwe kwenye makaburi yaliyobarikiwa, lakini pale ambapo eneo zima halijabarikiwa, padre analibariki kaburi lenyewe moja moja. Kwa hiyo yule bibi anayezikwa nyuma ya nyumba, pembeni ya migomba, hajakosa kitu.

Zamani walikuwa na hofu ya aina nyingine. Kuna mama mmoja Mkristo wa karne ya tano, jina lake Flora, aliyetaka mwanae azikwe ndani ya kanisa la Mtakatifu Felix kule Nola, Italia. Askofu Paulino wa Nola akamwandikia Mtakatifu Augustino kumuuliza: hivi kuzikwa karibu na mtakatifu kunamsaidia marehemu? Augustino akajibu kwa kitabu kizima juu ya kuwatunza wafu. Kwa kifupi alisema hivi: mahali penyewe hapamfaidii marehemu kitu. Kinachofaa ni kwamba mama akikumbuka mahali alipomlaza mwanae, moyo wake unaamka na anasali zaidi. Kaburi ni kwa ajili ya sisi tuliobaki, litukumbushe kazi yetu.

Na Augustino alijua anachosema, maana yalimkuta nyumbani kwake. Mama yake, Monika, alifariki mwaka 387 huko Ostia, mbali na Afrika. Kwa miaka mingi alikuwa ametamani kulazwa kando ya mumewe, kaburi alikuwa ameshaliandaa. Mwishoni akawaambia wanae wasihangaike na mwili wake, wauzike popote. Aliomba jambo moja tu, wamkumbuke altareni kwa Bwana mahali popote watakapokuwa. Vijana, hilo mliweke akilini, maana linatusaidia kuendelea.

Tuanze na Kardinali

Kabla ya Mwalimu, nataka tupite Bukoba, kwa sababu kaburi la Kardinali Laurean Rugambwa lina historia ambayo vijana wengi hawaijui. Rugambwa alizaliwa Karagwe mwaka 1912, akapadrishwa mwaka 1943, na tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya Kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati zetu. Alikuwa Askofu wa Bukoba, kisha Askofu Mkuu wa Dar es Salaam kuanzia 1968 hadi 1992. Alifariki tarehe 8 Desemba 1997.

Hakuzikwa Dar es Salaam. Alipelekwa Kashozi, misioni ya kwanza ya Bukoba, iliyoanzishwa na Wamisionari wa Afrika mwaka 1892. Lakini Kashozi ilikuwa makao ya muda tu, kanisa kuu la Bukoba likisubiriwa kukarabatiwa. Oktoba 2012, miaka karibu kumi na mitano baadaye, mwili wake ukahamishiwa kanisa kuu. Mwaka huo angetimiza miaka mia.

Mtu anaweza kuuliza: mbona yeye yuko ndani ya kanisa na Mwalimu, aliyeongoza nchi, yuko nje? Hapa sheria ya Kanisa, kanuni ya 1242, haina mzunguko. Ndani ya kanisa wasizikwe watu, isipokuwa Baba Mtakatifu, Makardinali na Maaskofu wa majimbo, hata wastaafu, katika kanisa lao wenyewe. Urais haumo. Utajiri haumo. Hata kuwa mfadhili aliyejenga kanisa zima hakumo! Mimi naipenda sana kanuni hii. Karne nyingi zilizopita huko Ulaya, matajiri walinunua nafasi chini ya altare kama mtu anavyonunua kiwanja. Kanisa likaona, likafunga mlango.

Sasa twende Butiama

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akabatizwa tarehe 23 Desemba 1943 akiwa mtu mzima, wa miaka ishirini na moja. Alifundisha Tabora na Pugu katika shule za Kanisa. Alipokuwa Rais alijulikana kwa kuhudhuria Misa hata siku za kazi. Uzeeni alitunga tenzi za Injili zote nne na za Matendo ya Mitume, zikachapishwa na Wabenediktini wa Ndanda mwaka 1996. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akazikwa nyumbani kwake Mwitongo, Butiama, tarehe 23 Oktoba.

Mwaka 2005 Jimbo la Musoma likafungua mchakato wa kumtangaza mwenyeheri. Tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kila tarehe 1 Juni mahujaji hukusanyika Namugongo, Uganda, siku mbili kabla ya sikukuu ya Mashahidi, kuombea mchakato huo.

Sasa msikilize vizuri, maana hapa ndipo vijana wetu wanateleza kwa upendo. Jina "Mtumishi wa Mungu" halina maana kwamba Kanisa limeshasema yuko mbinguni. Lina maana kwamba Kanisa limekubali kuanza kuuliza. Baada yake kuna hatua ya kutamka kwamba aliishi fadhila kwa ushujaa, kisha muujiza mmoja ili awe Mwenyeheri, kisha mwingine ili awe Mtakatifu. Mpaka afikie kutangazwa Mwenyeheri, ibada ya hadhara kwake hairuhusiwi. Sheria hii ni ya zamani sana. Papa Urbano VIII aliiweka katika karne ya kumi na saba, akaikaza mwaka 1634, kwa sababu watu walikuwa wanatangaza watakatifu wao wenyewe mtaani.

Na kuna jambo ambalo mimi lilinishtua nilipolisoma mara ya kwanza. Katika mchakato wa jimbo, Askofu au mjumbe wake anatakiwa aende mwenyewe kulikagua kaburi la Mtumishi wa Mungu. Anakwenda kutafuta nini? Anatafuta dalili kwamba watu wameshaanza kumfanyia ibada: vibao vya kushukuru kwa miujiza vilivyobandikwa kaburini, picha yake yenye miali ya nuru kichwani, sanamu yake altareni, na mengine ya namna hiyo. Akizikuta, mchakato unaweza kukwama mpaka ziondolewe. Atatoa tamko rasmi kwamba ibada haramu haipo.

Kwa hiyo ule utani wa kumhariri Mwalimu kwenye simu na kumwekea taji la nuru, halafu kuandika "Mtakatifu Julius utuombee" na kuusambaza, siyo jambo dogo. Aliyefanya hivyo anadhani anamsaidia. Anamwekea jiwe njiani.

Basi jibu la swali letu ni lipi? Mkiwa kikundi, kwa sauti, kaburini au kanisani: mwombeeni. Ombeni Misa kwa ajili ya roho yake kama mnavyoomba kwa ajili ya babu zenu. Mnaweza pia kumwomba Mungu, hadharani kabisa, alijalie Kanisa kumtangaza kama ni mapenzi yake. Ukiwa peke yako, chumbani kwako, moyoni mwako, unaruhusiwa pia kumwomba yeye mwenyewe akuombee. Kanisa halikatazi hilo, na ukweli ni kwamba linalitegemea, maana bila watu kumwomba faraghani huo muujiza utapatikanaje? Kumbe yote mawili yanawezekana kwa mtu yule yule, siku ile ile. Tofauti ni mahali na namna.

Lakini ngano za Basotu je?

Sasa nafika kwenye jambo gumu zaidi, na nisingekuwa mkweli kwenu kama ningeliruka, hasa nikiwa naandika kutoka Manyara.

Wale mnaotoka Hanang mnajua mashamba ya ngano ya Basotu. Yalianza mwishoni mwa miaka ya sitini na kupanuka katika miaka ya sabini, yakiendeshwa na shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada. Ardhi iliyochukuliwa ilifikia takribani ekari laki moja, na ilikuwa malisho ya Wabarbaig. Kijiji cha Mulbadaw kiliwapeleka NAFCO mahakamani. Kilishinda Mahakama Kuu, kisha katikati ya miaka ya themanini Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu hiyo.

Kilichowauma Wabarbaig kuliko malisho yenyewe ni makaburi. Kwao mzee aliyeheshimiwa sana hazikwi kimya kimya. Anajengewa bung'eda, kilima cha udongo kinachopandishwa juu ya kaburi, na sherehe yake huchukua miezi mingi, kama tisa hivi, ukoo mzima ukikusanyika. Mahali hapo panaheshimiwa kizazi baada ya kizazi. Ndivyo walivyo viongozi wao mashuhuri, wamelala kwao kama Mwalimu alivyolala kwao. Trekta zilipoingia, baadhi ya bung'eda zile zililimwa. Wabarbaig walilalamika hadi kuwaandikia wananchi wa Kanada.

Hayo yalianza na kupanuka Mwalimu akiwa Rais. Je, tunayaficha ili mchakato uende vizuri?

Hapana jamani. Mchakato wenyewe hautaki tuyafiche. Kanuni za Kanisa zinadai mashahidi waseme wanayoyajua, yanayomsifu na yanayompinga, na mwamini mwenye habari nzito dhidi ya Mtumishi wa Mungu ana wajibu wa kuileta. Wanaofanya kazi hiyo watauliza aliamua nini mwenyewe, alijua nini, na wengine walifanya nini kwa jina lake. Kazi hiyo siyo yetu. Yetu sisi ni kutosema uongo, wala wa kumpaka mafuta wala wa kumchafua.

Nimesoma falsafa miaka kadhaa, na tulifundishwa kutofautisha kuhukumu tendo na kuhukumu mtu. Darasani ni rahisi. Mtandaoni haifanyiki hata kidogo. Machi 2021, Rais Magufuli alipofariki, nadhani mnakumbuka. Ndani ya saa chache nusu ya watu walikuwa wamempeleka mbinguni moja kwa moja na nusu wamempeleka kwingine, na wote walikuwa na uhakika. Vijana Wakatoliki walikuwemo pande zote mbili. Waliosema "tumwombee apumzike" bila kuongeza neno walikuwa wachache, na walitukanwa na wote.

Katika siku zile zile, tarehe 21 Machi, watu waliofika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, kumuaga walikanyagana. Polisi walitaja vifo 45. Siku tano baadaye Rais akazikwa Chato, na dunia nzima inajua kaburi lake liko wapi. Hao 45 nao wamezikwa mahali fulani, kila mmoja kwao. Kundi la hija linalokwenda Chato linaweza kabisa kutia nia moja ya Misa kwa ajili ya wote.

Kwa Mkapa kuna kitu kingine cha kutusaidia. Mwaka 2019, mwaka mmoja kabla ya kufa, alitoa kitabu cha maisha yake, My Life, My Purpose. Ndani yake aliyataja mauaji ya Januari 2001 huko Zanzibar, akakiri kwamba ni doa kwenye uongozi wake. Wapo waliosema kukiri huko kumechelewa na hakutoshi. Inawezekana. Lakini ukisimama Lupaso kumwombea, unamwombea mtu aliyeacha maandishi kwamba ana doa. Hilo linaifanya sala iwe nyepesi kutamka. Tunamwombea kwa sababu hiyo hasa. Wayahudi wa kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, walipogundua kwamba askari wao waliouawa vitani walikuwa wamevaa hirizi za miungu, Yuda Makabayo hakuwatupa. Alichanga fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao. Mafundisho yetu juu ya toharani yana mzizi pale: kuna watu waliokufa katika urafiki wa Mungu ambao bado wanasafishwa, na sala zetu zinawafikia.

Mambo ya kufanya, na maswali mawili

Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, Mkristo anayekwenda makaburini kwa uchaji na kuwaombea marehemu, hata kwa moyo tu bila sauti, anaweza kupata rehema kamili, na rehema hiyo ni kwa ajili ya marehemu peke yao. Huwezi kujiwekea. Masharti ni yale ya kawaida: kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu (Baba Yetu na Salamu Maria zinatosha), na moyo usioshikamana na dhambi yoyote, hata ndogo. Kitubio kimoja kinaweza kutosha kwa rehema kadhaa, na kinaweza kuwa siku kadhaa kabla au baada. Komunyo na sala kwa nia za Baba Mtakatifu zinahitajika kwa kila rehema. Rehema kamili ni moja kwa siku. Tarehe 2, Siku ya Marehemu Wote, inapatikana pia kwa kutembelea kanisa na kusali Baba Yetu na Nasadiki.

Kaburi lolote linafaa. Kama nauli ya Butiama haipo, na wengi wetu haipo, nenda makaburi ya kigango chako. Chukueni jembe na panga, maana nyasi za mwaka mzima hazijikati zenyewe. Mnapofyeka msichague makaburi ya ndugu zenu tu. Yale yenye msalaba ulioanguka na jina lililofutika mara nyingi hayana mtu mwingine wa kuyaombea.

Swali la kwanza ninaloulizwa: mtu asiye Mkatoliki je? Lowassa alikuwa Mlutheri. Mnaruhusiwa kumwombea? Ndiyo, bila wasiwasi wowote.

La pili: na wazee wa Kibarbaig waliokufa kabla hawajasikia hata jina la Yesu? Siku mkisikia padre akitumia Sala ya Ekaristi ya Nne, tegeni masikio baada ya mageuzo. Kuna mahali Kanisa linawataja wafu wa aina hiyo hiyo, wale ambao imani yao ameijua Mungu peke yake. Kwa hiyo wamo tayari kwenye Misa, wa Basotu na wengine wote. Mwenye ndugu Hanang anaweza kuomba Misa kwa nia yao parokiani kwake. Kwenye bahasha andika "wazee waliozikwa Basotu", padre ataelewa.

Tuombeane.